Namna ya Kutunza Malengelenge ya Ngozi Yanayotokana na Uvimbe wa Mishipa ya Damu

Malengelenge yanayotokea miguuni kwa sababu ya uvimbe wa mishipa midogo ya damu, ugonjwa ambao madaktari huuita vaskulitisi, hayafanani na malengelenge ya kuungua au ya kubanwa na kiatu, kwa kuwa jeraha lake huanzia ndani na ndipo likatokeza nje. Seli nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kulinda mwili, hushambulia ukuta wa mshipa. Ukuta huo hulegea na kuvujisha damu kwenye nyama ya ngozi, na hapo ndipo yanapozuka madoa ya zambarau yenye vinundu. Pale mshipa unapoziba kabisa, ngozi iliyo juu yake hukosa oksijeni, tabaka la juu huachana na tabaka la chini, na nafasi iliyobaki kati yake hujaa maji au damu. Miguu huathirika zaidi kuliko sehemu nyingine kwa sababu damu hupita pale polepole, ikipanda kurudi moyoni dhidi ya uzito wake yenyewe.

Kwa sababu hiyo mgonjwa ana kazi mbili za kufanya kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kuitunza ngozi ili lengelenge lisigeuke kidonda kikubwa, na kazi hii kwa sehemu kubwa hufanyika nyumbani. Ya pili ni kuhakikisha kwamba uvimbe uleule haujaingia kwenye figo, utumbo, mapafu au neva, na hiyo haiwezekani bila kupima mkojo na damu. Watu wengi huifanya ya kwanza kwa bidii kubwa na kuisahau ya pili, kwa kuwa kidonda huonekana na figo haionekani. Mwongozo huu umepangwa kwa hatua, na ninaomba hatua za mwanzo zisirukwe hata kama lengelenge linauma na mtu ana haraka ya kulifunga.

Hatua ya 1: Hakikisha unashughulika na ugonjwa wenyewe

Chukua glasi ya maji iliyo angavu, ikandamize taratibu juu ya madoa yaliyo kando ya lengelenge, kisha utazame kupitia kioo chake. Wekundu wa mzio wa kawaida au wa kuumwa na mdudu hufifia mahali panapobanwa, kwa sababu damu iliyomo ndani ya mishipa husukumwa pembeni. Doa la vaskulitisi halifutiki, kwa kuwa damu imekwisha kutoka nje ya mshipa na haina pa kurudi. Kwenye ngozi nyeusi doa hilo mara nyingi huonekana la kahawia iliyoiva au jeusi badala ya zambarau, na jicho peke yake linaweza kudanganywa. Pitisha ncha za vidole juu yake, nawe utahisi kinundu kilichoinuka. Kisha tazama kwenye nyayo na viganja, ambako rangi ya damu huonekana kwa urahisi zaidi.

Madoa haya kwa kawaida hutokea pande zote mbili za mwili, kwenye miundi na vifundo vya miguu, na kwa watoto pia kwenye matako. Mgonjwa husema yanachoma au yanauma kuliko kuwasha. Malengelenge yaliyojipanga upande mmoja tu wa mwili kama ukanda huelekea kuwa ya mkanda wa jeshi, na mchirizi mmoja wa malengelenge unaoungua, uliotokea usiku mmoja shingoni au mkononi wakati wa mvua, mara nyingi ni wa sumu ya yule mbawakawa mdogo mwekundu na mweusi anayepondwa ngozini bila mtu kujua. Hayo yana matibabu yake tofauti.

Jambo moja halisubiri. Madoa yasiyofifia chini ya glasi, yanayoenea kwa saa chache kwa mtu mwenye homa kali, kichwa kinachouma, shingo iliyokakamaa au akili iliyovurugika, yanaweza kuwa ya maambukizi ya bakteria wa homa ya uti wa mgongo yaliyoingia kwenye damu. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana.

Hatua ya 2: Tafuta dalili zinazotaka hospitali siku hiyohiyo

Kabla ya kugusa bandeji, uliza maswali yafuatayo na uyajibu kwa ukweli. Je, mkojo umebadilika ukawa kama chai ya rangi au umekuwa na povu jingi lisilotoweka? Je, uso au miguu imevimba asubuhi? Je, tumbo linakata kwa vipindi, au choo kimekuwa cheusi au chenye damu? Kwa mtoto maumivu ya tumbo ya namna hii yanaweza kutokana na kipande cha utumbo kuingia ndani ya kipande kingine, na hali hiyo huhitaji daktari wa upasuaji mapema. Kwa mvulana, korodani zinazouma na kuvimba ni dalili ya hatari vilevile. Kwa mtu mzima, kukohoa damu, kuishiwa pumzi, ganzi ya ghafla au mguu unaoburura kwa sababu kifundo hakiinuki, jicho linalopoteza nuru, na kidole cha mguu kilichogeuka kuwa cheusi na cha baridi, vyote humaanisha kwamba mishipa ya viungo vya ndani, ya neva, au iliyo mikubwa zaidi imeingia kwenye ugonjwa.

Malengelenge yanayotokea mdomoni, machoni na sehemu za siri kwa pamoja, hasa baada ya kuanza dawa mpya, yanaweza kuwa ugonjwa mwingine wa hatari unaosababisha ngozi kubabuka, nao hautunzwi nyumbani hata kwa siku moja.

Hatua ya 3: Andika kila kilichoingia mwilini wiki za karibuni

Takribani nusu ya wagonjwa wazima hawapatikani na chanzo chochote hata baada ya uchunguzi, lakini kwa waliobaki chanzo mara nyingi ni dawa au maambukizi, na kumbukumbu ya mgonjwa ndiyo inayokifichua. Madoa yanayotokana na dawa huanza kwa kawaida kati ya siku 7 na wiki 3 baada ya dozi ya kwanza, kwa hiyo orodha irudi nyuma angalau mwezi mmoja. Ziandikwe antibayotiki zote, zikiwemo za jamii ya penisilini na zile zenye salfa kama kotrimoksazoli. Ziandikwe dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, dawa ya gauti ya alopurinoli, dawa za shinikizo la damu, sindano, dawa za mitishamba, na unga wowote ulionunuliwa sokoni ukiwa umefungwa kwenye karatasi. Pasiwe na aibu hapa, kwa sababu daktari asiyeambiwa juu ya dawa ya mganga huanza kutafuta saratani mahali ambapo hakuna.

Andika pia kama palikuwa na mafua au koo lililouma wiki moja hadi tatu kabla, kwa kuwa kwa watoto hiyo ndiyo historia ya kawaida kabisa. Virusi vya homa ya ini aina ya B na C, pamoja na virusi vya UKIMWI, vinaweza kuanzisha ugonjwa huu, na magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, kama lupasi na baridi yabisi, nayo huweza kujitokeza kwa njia hii.

Dawa ya maumivu au antibayotiki inayoshukiwa inaweza kusimamishwa wakati mgonjwa yuko njiani kwenda kwa daktari. Dawa za UKIMWI, za kifua kikuu, za kifafa na za moyo zisisimamishwe na mgonjwa mwenyewe kwa kubahatisha. Mwenye kuzibadilisha ni daktari anayezijua.

Hatua ya 4: Fanya vipimo wakati madoa bado ni mapya

Kipimo chenye thamani kubwa kuliko vyote hapa ni kile cha bei nafuu kuliko vyote, yaani kijiti kinachochovywa kwenye mkojo na kuonyesha kama kuna damu au protini. Kinapatikana kwenye vituo vingi vya afya, hakichomi, na majibu yake hutoka ndani ya dakika chache. Pamoja nacho pimwa shinikizo la damu, na katika hospitali omba kipimo cha kreatinini kwa ajili ya figo, hesabu ya seli za damu, kazi ya ini, homa ya ini B na C, na virusi vya UKIMWI. Vipimo vya kinga vya gharama kubwa huja baadaye, kwa mgonjwa ambaye dalili zake zinaelekeza huko.

Daktari wa ngozi anaweza kutaka kukata kipande kidogo cha ngozi. Ni vizuri kukubali, na ni vizuri kujua kwamba wakati una maana kubwa: doa lenye umri wa saa 24 hadi 48 ndilo linaloonyesha ugonjwa waziwazi, ilhali kidonda cha wiki mbili huonyesha tu kwamba ngozi ilikufa. Vipande huwa viwili, na kile cha pili, kinachochunguzwa kwa mwanga maalumu ili kutafuta protini za kinga, hakitakiwi kuwekwa kwenye formalini, yaani dawa ya maji ya kuhifadhia vipande vya mwili. Hospitali isiyokuwa na uwezo huo imwelekeze mgonjwa mapema kwenye ile yenye uwezo. Nchini Tanzania, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambacho kimefundisha madaktari na maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo kabla ya kusafiri mbali, uliza kama hospitali ya mkoa au kaunti yako ina ofisa aliyesomea ngozi.

Karatasi za mtoto zinaweza kuandikwa vaskulitisi ya IgA, aina ya ugonjwa huu inayowapata zaidi watoto, au Henoch-Schönlein, na wazazi wengine hudhani ni magonjwa mawili. Ni mmoja. Daktari Mjerumani Johann Lukas Schönlein aliunganisha madoa na maumivu ya viungo mwaka 1837, Eduard Henoch akaongeza tumbo mwaka 1874 na baadaye figo, na mwaka 2012 wataalamu walikubaliana kuuita kwa jina la IgA, protini ya kinga inayonaswa kwenye kuta za mishipa.

Hatua ya 5: Safisha na ufunge lengelenge

Lengelenge lisilopasuka lisipasuliwe. Ngozi yake ya juu, hata ikiwa nyembamba na yenye rangi ya damu, ni kifuniko safi kuliko bandeji yoyote inayouzwa dukani, na chini yake ngozi mpya huanza kukua. Pale lengelenge linapokuwa kubwa, limejaa na kukaza, na limekaa mahali pa kukanyagia au kwenye kifundo ambapo litapasuka lenyewe kwa kusuguliwa, mhudumu wa afya anaweza kulitoboa kwa sindano safi kwenye ukingo wake wa chini, akaacha maji yatoke na ngozi ya juu ilale mahali pake. Kazi hiyo isifanywe nyumbani kwa pini iliyochomwa kwenye moto wa kibiriti, na isifanywe kabisa kwa mgonjwa wa kisukari au mwenye miguu ya baridi nje ya hospitali.

Kwa lengelenge lililopasuka, tayarisha kila kitu kabla ya kufungua chochote: maji, gozi safi (kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda), mafuta ya mgando kutoka kwenye kopo jipya au tyubu isiyochangiwa na familia nzima, bandeji ya kuviringisha, glavu kwa msaidizi, na mfuko wa taka. Maji ya chumvi yanaweza kutengenezwa jikoni kwa kuchemsha nusu lita ya maji kwa dakika 10, kutia kijiko 1 cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, kufunika na kuacha yapoe. Yatumike siku hiyo na yanayobaki yamwagwe. Maji ya bomba yaliyo salama kwa kunywa nayo yanatosha. Dawa ya maumivu inywewe nusu saa kabla, kwa sababu kubadilisha bandeji kwenye kidonda cha vaskulitisi huuma kuliko inavyodhaniwa, na mgonjwa anayeogopa maumivu huacha bandeji ile ile siku nne.

Nawa mikono kwa sabuni, lowesha bandeji ya zamani kwa maji mpaka iachie yenyewe, na usiivute ikiwa kavu. Mwagia maji kwenye kidonda badala ya kukisugua. Ngozi ya juu iliyojikunja ilainishwe kwa maji na kurudishwa taratibu ilale juu ya kidonda. Vipande vilivyokufa na kuning'inia vikatwe na muuguzi kwa mkasi safi. Kausha pembeni kwa kugusagusa, paka mafuta ya mgando kwa tabaka linaloonekana, kisha weka gozi isiyogandamana na kidonda. Ile ya parafini inayouzwa kwenye maduka ya dawa ni nzuri sana, na ikikosekana, gozi ya kawaida iliyopakwa mafuta ya mgando kwa wingi hufanya kazi hiyo. Juu yake weka gozi kavu ya kunyonya maji, halafu viringisha bandeji kuanzia karibu na vidole kuelekea goti, kwa mkono mwepesi, vidole vikiachwa wazi ili rangi na joto lake vionekane. Plasta igandishwe kwenye bandeji yenyewe, kamwe isigandishwe kwenye ngozi, kwa kuwa ngozi iliyovimba mishipa hubabuka pamoja na plasta na mtu akajikuta na jeraha la pili.

Badilisha kila siku kama kidonda kinatoa maji mengi, na kila siku ya pili kikiwa kimetulia. Kila unapofungua, piga picha kwa simu ukiwa umeweka sarafu kando ya kidonda bila kukigusa. Baada ya wiki picha hizo zitamwambia daktari kama kidonda kinapungua, jambo ambalo maneno hayawezi kulieleza.

Sasa vitu vya kuepuka, na hapa nazungumza kwa msisitizo kwa sababu vidonda vingi huharibiwa na tiba za nyumbani kuliko ugonjwa wenyewe. Spiriti na hidrojeni peroksaidi huua ngozi changa inayojaribu kukua. Dawa ya zambarau ya jivi hupaka rangi ileile ya ugonjwa, hata daktari asiweze kutofautisha doa jipya na dawa. Majivu, dawa ya meno, kahawa na mavi ya ng'ombe havifai, na kinyesi cha mnyama kinaweza kuleta pepopunda. Kumwagia unga wa kapsuli za rangi mbili ni desturi iliyoenea sana, nayo ina ubaya wa pekee katika ugonjwa huu: antibayotiki hizo zinaweza kuwa ndizo zilizoanzisha uvimbe wa mishipa. Kama kidonda kina gamba jeusi, lisibanduliwe wala kukatwa kwa nguvu wakati uvimbe bado unaendelea, kwa kuwa kukata mapema kunaweza kukipanua.

Ulizia pia chanjo ya pepopunda kama hujui ulichanjwa lini, na mgonjwa alale ndani ya chandarua, ili inzi na mbu wasikifikie kidonda na ili asijikune usingizini.

Hatua ya 6: Punguza mzigo wa miguu

Kuinua miguu ni tiba halisi, ingawa haiuzwi. Mgonjwa alale chali na kuweka miguu juu ya mito mpaka visigino viwe juu kuliko moyo, kwa dakika 30, mara 3 au 4 kwa siku. Usiku upande wa miguuni wa kitanda unaweza kuinuliwa kwa tofali moja kila mguu wa kitanda, isipokuwa kwa mtu mwenye moyo dhaifu anayekosa pumzi akilala. Kila anapokaa, achezeshe vifundo juu na chini, ili mashavu ya miguu yasukume damu. Kulala kutwa nzima bila kutikisika si jambo jema, kwa kuwa damu inaweza kuganda kwenye mishipa mikubwa.

Ugumu uko kwa wale ambao riziki yao iko kwenye kusimama: mama lishe, kinyozi, mlinzi, mwalimu na muuguzi. Dereva ambaye huketi siku nzima miguu ikining'inia naye hana nafuu kuliko wao. Madoa mapya mara nyingi hutokea jioni ya siku ya kusimama sana, na mtu akiyahesabu ataona uhusiano huo mwenyewe. Kwa hiyo omba cheti cha mapumziko bila kuona haya, na kazi isipoweza kuachwa, mgonjwa atafute stuli mbili, moja ya kukalia na nyingine ya miguu.

Soksi za kubana husaidia wagonjwa wengi, lakini zisivaliwe kabla mhudumu hajapapasa mapigo ya damu kwenye upande wa juu wa mguu, karibu na kifundo, hasa kwa mzee, mvutaji wa sigara au mwenye kisukari, kwa sababu mguu ambao damu inaufikia kwa shida huweza kufa ukibanwa. Nguo ziwe pana. Kanga au kikoi ni bora kuliko suruali ya kubana, na soksi zenye mpira unaoacha alama ziwekwe kando. Maji ya moto na joto la jiko hupanua mishipa na kuongeza kuvuja, kwa hiyo oga kwa maji ya vuguvugu. Sigara iachwe.

Hatua ya 7: Tuliza maumivu na utambue usaha mapema

Parasetamoli ndiyo dawa ya kuanzia: mtu mzima mwenye ini zima hunywa vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, bila kuzidi vidonge 8 kwa siku, na mtoto hupewa kulingana na uzito wake. Diklofenaki, ibuprofeni na dawa za jamii hiyo ziepukwe mpaka figo zithibitishwe kuwa nzima, kwani zinaweza kuziumiza figo ambazo tayari zimeshambuliwa, tena zenyewe zimo kwenye orodha ya dawa zinazoanzisha ugonjwa. Mtoto asipewe aspirini.

Si kila lengelenge linalotoa maji lina maambukizi. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee wekundu. Gusa kwa upande wa nyuma wa mkono na ulinganishe na mguu mwingine. Joto linalopanda, maumivu yanayozidi baada ya kuwa yamepungua, ugumu unaoenea pembeni, usaha, harufu mbaya na homa ndizo dalili za kuaminika. Chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu. Uvimbe ukivuka mstari huo kabla ya kesho yake, nenda hospitali. Antibayotiki ichaguliwe na daktari aliyeiona orodha ya hatua ya tatu.

Hatua ya 8: Tumia dawa za kutuliza kinga kwa uangalizi

Ugonjwa ulio kwenye ngozi tu mara nyingi huisha wenyewe ndani ya wiki 3 hadi 4 chanzo kikiondolewa, na watoto wengi wenye vaskulitisi ya IgA hupona ndani ya wiki 4 hadi 6 bila dawa kali. Malengelenge yenye damu, vidonda, maumivu makali au kuguswa kwa viungo vya ndani ndivyo vinavyomfanya daktari aandike prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga. Wazazi hujisikia vibaya mtoto asipoandikiwa, wakiamini kwamba ingezilinda figo zake. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulilinganisha prednisoloni na dawa isiyo na kitu, na haukuona kwamba kuitoa mapema kunazuia figo kuathirika. Maumivu ya tumbo na ya viungo hupungua kwayo, na hiyo ni sababu halali ya kuitumia.

Prednisoloni inywewe asubuhi baada ya chakula, chumvi na sukari vipunguzwe, na mtu aliyeitumia kwa zaidi ya wiki 3 asiiache ghafla, kwa sababu mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake. Katika nchi zetu kuna tahadhari za ziada ambazo vitabu vya Ulaya huzipitia haraka. Kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka, homa ya ini B inaweza kulipuka, na minyoo aina ya strongiloide, inayoingia kupitia ngozi ya miguu iliyokanyaga udongo mchafu, inaweza kusambaa mwili mzima na kuua. Muulize daktari wazi kama haya yamepimwa au kutibiwa kabla ya kuanza. Sukari na shinikizo la damu vipimwe kila kliniki.

Kwa ugonjwa unaorudiarudia kwenye ngozi, madaktari hutumia kolkisini au dapsoni, na wakati mwingine azathiopurini au methotreksati. Dapsoni isianzwe bila kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, kwa kuwa upungufu wa kimeng'enya hicho ni wa kawaida katika maeneo yaliyokuwa na malaria kwa vizazi vingi, zikiwemo pwani ya Afrika Mashariki na kando ya Ziwa Viktoria, na mwenye upungufu huo akiinywa, seli zake nyekundu za damu huvunjika.

Hatua ya 9: Endelea kufuatilia baada ya ngozi kupona

Malengelenge yakikauka, hubaki madoa meusi yanayoweza kukaa miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kabla ya kufifia. Yapakwe mafuta ya mgando na kukingwa na jua kwa nguo. Mkorogo na krimu za kung'arisha zisiguswe: nyingine zina steroidi kali zinazoidhoofisha ngozi iliyotoka kujeruhiwa, na zile zenye zebaki huharibu figo, ambazo ndizo tunazozilinda muda wote huu. Chakula cha kujenga ngozi si cha anasa. Dagaa, mayai, maharage, mapera na machungwa vinatosha, isipokuwa kwa aliyeambiwa na daktari kupunguza protini kwa ajili ya figo.

Mtoto au mtu mzima mwenye vaskulitisi ya IgA apimwe mkojo na shinikizo la damu kila wiki katika mwezi wa kwanza, kisha kila wiki mbili au kila mwezi mpaka miezi 6 itimie, hata kama anacheza mpira na hana doa hata moja. Figo zinaweza kuathirika wiki kadhaa baada ya madoa kufutika, bila maumivu. Damu au protini ikionekana tena, arudi hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Ugonjwa unaweza kurudi. Kwa vaskulitisi ya IgA hurudi kwa takribani theluthi moja ya wagonjwa, kwa kawaida kwa nguvu ndogo kuliko mara ya kwanza. Weka daftari moja lenye tarehe, picha, majibu ya mkojo, na jina la dawa yoyote iliyothibitishwa kuwa chanzo, na ulionyeshe kwa kila mhudumu kabla hajaandika dawa mpya. Mwanamke aliyewahi kuugua vaskulitisi ya IgA, akishika mimba, amweleze mkunga katika hudhurio la kwanza kabisa, ili mkojo na shinikizo lake la damu vipimwe kila anapofika kliniki.